Sumaku Iliyobaki Mfukoni

Nina sumaku ndogo ya duara niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Nimekaa nayo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume. Asubuhi kabla sijafungua karakana yangu hapa Nachingwea, naipapasa kwanza mfukoni. Kazi yake ni moja tu. Mtu akiniletea chuma na kuniapia kwamba ni stenlesi, nakigusisha sumaku. Ikinata, namwambia umepigwa, nenda ukagombane na aliyekuuzia. Stenlesi ninayoitumia mimi kwenye mashine za vyakula haishikwi na sumaku.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea huko mbele kwamba sikujua. Nilijua vizuri sana.

Mimi ni fundi wa kuchonga vyuma, mwanamke, na mdomo ninao. Nilipofungua karakana, wanaume walikuwa wanapita kunichungulia dirishani wanacheka, mwanamke na mashine wapi na wapi. Wengi wao leo wananipangia foleni. Sasa ukishinda hivyo, jamani, kichwa nacho kinavimba. Nilikuwa nikishasema chuma chako kimekwisha, hakuna wa kunibishia, na nilipenda hivyo. Nilipenda mno.

Wateja wangu wakubwa walikuwa kikundi cha kina mama wa Ruangwa wanaokamua mafuta ya ufuta. Mashine yao ina parafujo nene ya stenlesi, ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Inazunguka ndani ya bomba na kuubana ufuta mpaka unatoa mafuta. Ufuta ni laini ukiushika, lakini ukibanwa namna ile unakula chuma taratibu. Kila msimu parafujo ilikuwa inalika kingo, mafuta yanapungua, napigiwa simu. Naichukua, naijaza kwa kuchomelea, naichonga upya. Msimu unaofuata ni yale yale.

Kabla ufuta haujaingia mashineni, ulipita kwenye mikono ya bibi mmoja wa Nambilanje. Yeye ndiye aliyekuwa mpepetaji wao tangu kikundi kinaanza. Nimeona watu wakipepeta maisha yangu yote, ila sijaona mwingine kama yule. Anaurusha ufuta, anaupokea, anautikisa ungo kwa ubavu, na takataka zinajitenga zenyewe pembeni. Halafu anainama, anadonoa kwa ukucha, anatoa punje moja ya mchanga ambayo wewe hukuiona. Wateja walikuwa wanauliza kabla ya kununua, huu kapepeta bibi? Wakiambiwa ndiyo, hawafungui hata kifuniko kuangalia.

Bibi yule ni Mmwera, mimi ni Mmakua ambaye mabibi zangu walivuka Ruvuma na vyungu kichwani, na ukoo wake na wangu tulikuwa watani. Nikitokea tu getini nasikia, "Ficheni panya, Mmakua kaja!" Nami namjibu nimetumwa na marehemu babu yangu, anauliza mchumba wake atamfuata lini. Hapo ataniambia nisogee, mla panya mie, nisichafue ufuta wake. Nakaa mkekani pembeni yake, ananimegea muhogo, na matusi yanaendelea. Mama yangu alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kunifanya nicheke pale pale msibani. Mwingine angesema pole. Yeye aliniambia nimelia vibaya, nirudie.

Basi, hadithi yenyewe ni hii.

Chuoni, zamani, tulikuwa na mwalimu wa vyuma ambaye alitufundisha namna ya kuufanya uso wa chuma uwe mgumu kwa boroni. Hupaki rangi, wala huvalishi koti. Unakizika chuma ndani ya unga wenye boroni, unakipika kwa moto mkali kwa saa nyingi, na boroni inaingia mwilini mwa chuma kama chumvi inavyomwingia samaki. Ukikitoa, ngozi yake haikwaruziki. Alituambia stenlesi inakuwa ngumu kuliko msumeno unaotaka kuikata. Lakini alituonya, na maneno yake nayakumbuka kwa sauti yake mwenyewe: "Moto ukizidi na unga ukizidi, inaota ngozi mbili. Ya ndani imeshikana na chuma. Ya nje ni ngumu zaidi, lakini ni kama sahani ya udongo, inapasuka. Isugueni yote iondoke, halafu mrudishe chuma motoni bila unga kitulie. Msiipende ile ya nje."

Nilikuwa mwanafunzi mzuri, niliandika yote.

Msimu mmoja nilichoka kuchonga parafujo ile ile. Nikasema sasa nitawaonyesha. Boraksi, ile chumvi yenye boroni, niliipata kwa wachimbaji wa dhahabu wa Ruangwa, ambao wanaiyeyushia dhahabu yao. Unga mweusi wa kuchanganya nayo niliupata kwa kutwanga mawe ya kunolea yaliyovunjika. Nikajaribu kwanza kwenye vipande vidogo, nikaharibu vitatu, cha nne kikakubali. Ndipo nikaizika parafujo kwenye boksi la chuma, nikaziba mianya kwa udongo wa kichuguu, nikaliingiza kwenye tanuri la mkaa lenye feni. Kipimo cha joto sina, nilitumia macho. Mwalimu alisema rangi ya chungwa bivu. Nilichochea tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na kwa kutaka kazi inoge nikavusha ile rangi ya chungwa ikaelekea njano. Nikaacha ipoe yenyewe hadi kesho yake.

Nilipofungua, wallahi, nilipiga kelele peke yangu. Parafujo ilikuwa na rangi ya kijivu iliyotulia. Nikaipitisha tupa mpya, tupa ikateleza. Nikaigusisha sumaku, ikanata! Chuma ambacho jana yake kiliikataa sumaku, leo kimeing'ang'ania, kwa sababu ile ngozi mpya haikuwa stenlesi tena, boroni ilikuwa imeigeuza. Nikajua imeingia.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuisugua ngozi ya nje. Ilikuwa kazi ya siku mbili za mkono. Sikuwa mvivu, nisijisingizie uvivu maana uvivu ungekuwa na nafuu. Niliipenda. Nilihangaika kuuingiza ule ugumu, halafu niuondoe? Tena nilishajiona mbele ya kina mama wale nikimpa kila mmoja tupa ajaribu. Nikaipeleka vilevile.

Na kweli walijaribu. Tupa ilizunguka mkono kwa mkono inateleza, vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alinishika bega akasema fundi, wewe ni wa kwetu. Bibi wa Nambilanje alijaribu wa mwisho. Akaitazama tupa, akanitazama mimi. "Huu uchawi," akasema. "Mla panya katuletea uchawi wa kwao." Tukacheka wote mpaka machozi.

Mashine ilikamua vizuri kwa wiki kadhaa. Kisha mteja mmoja akarudisha dumu. Akasema kwenye mafuta kuna chenga. Wakadhani ni dumu chafu. Akarudisha mwingine. Mwanamke mmoja alikandia unga mafuta yale, mumewe akatafuna kitu kikali, akaja nacho kwenye karatasi na hasira zake. Ndipo nikaitwa.

Walikuwa wamekaa barazani, kina mama wote. Katikati kulikuwa na kisosi cheupe chenye mafuta kidogo na chenga za kijivu zimezama chini. Mwenyekiti akanisogezea. "Fundi, wewe una utaalamu. Hiki ni kitu gani?"

Nilikijua kabla sijakishika. Niliijua ile rangi. Ngozi ya nje ilikuwa inapasuka na kumeguka, na watu walikuwa wanaila.

Bibi alikuwa amesimama ukutani, ungo kaubana kwapani. Watu walishaanza kumtazama, maana chenga kwenye mafuta ya ufuta kila mtu anajua zinatoka kwa mpepetaji. Yeye hakuwa na wasiwasi wowote. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kunichokoza, "Mtani, hebu sema wewe. Hawa wananionea."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni. Sumaku ilikuwa kiganjani. Ilitakiwa niitoe tu, niishushe juu ya kisosi, chenga ziruke, iwe basi. Mchanga haurukii sumaku, hata mtoto angeelewa. Ningesema kosa ni langu, nimepika vibaya, nirudishieni parafujo. Wangenisema siku mbili, ya tatu wangenisamehe.

Nikasema, "Mchanga."

Loo! Neno lenyewe fupi. Wote wakaendelea kunitazama, na mimi nikaogopa nikaongeza, "Ule mchanga mweusi wa mtoni."

Bibi hakukasirika. Alikichukua kisosi akatoka nacho juani, akakiinamisha, akakileta karibu, akakipeleka mbali. Akarudi akasema taratibu, "Mimi siuoni kama mchanga. Unang'aa vibaya huu."

Alikuwa anaona sawasawa. Katika watu wote pale barazani, yeye peke yake ndiye aliyeona. Na mwenyekiti, bila ubaya, kwa huruma kabisa, akamwambia, "Bibi yetu, fundi amesema ni mchanga. Labda ni macho. Umri nao unakwenda."

Wote wakanigeukia mimi. Bibi naye akanigeukia. Nikasema, "Umri nao. Hata mimi siku hizi vitu vidogo vinanipa tabu."

Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi hadi leo. Neno "mchanga" lilinitoka kwa woga. Hili nililitafuta mwenyewe, nikalipaka sukari, nikampa mtu mzima alimeze. Na macho yangu mie hayana tabu yoyote.

Nikaondoka na zile chenga kwenye karatasi, nikidai nakwenda kuzichunguza. Nikawaambia niondoke na parafujo pia, nikaifanyie usafi. Nachingwea nilijifungia nayo. Niliisugua kwa unga mweusi siku mbili mpaka vidole vikatoka malengelenge, nikaondoa ngozi yote ya nje, nikairudisha motoni bila unga itulie, kama mwalimu alivyosema. Ikatoka imefifia, haina mbwembwe, lakini imara. Nikairudisha. Nilijidanganya kwamba nimelipa.

Kumbe nilikuwa namzika bibi kabisa. Maana wakati parafujo iko kwangu, kina mama walikuwa wamempa ungo mwanamke mwingine, kijana, wa Matambarale. Mashine ikawashwa, mafuta yakatoka masafi, hakuna chenga hata moja. Watu wangesema nini? Walimsifu yule kijana, wakasema mnaona, ilikuwa macho ya bibi. Mimi nilikuwepo. Nilipewa lita tano za mafuta kwa kazi nzuri, nikazipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa naulizia habari zake kwa juujuu. Yupo kwake Nambilanje, anapumzika. Neno "anapumzika" lilinifaa, nikalishikilia kwa miezi.

Siku moja nilikuwa sokoni Ruangwa natafuta nyanya. Nikamwona. Anatembea ameshikwa mkono na mkwe wake, mke wa mwanawe, anaingiza miguu taratibu kama anayevuka maji. Nikasimama hatua tatu mbele yake nikingoja panya wangu. Akapitisha uso juu yangu, akatulia.

"Bibi," nikasema, "mchumba wako anakusalimu."

Akageuza sikio. "Sauti kama ya mtani wangu," akamwambia mkwe wake. "Ndiye?" Mkwe akasema ndiye, huyu hapa mbele yako. Bibi akacheka kidogo. "Nilimwona, ila siku hizi sisemi nimemwona mtu, nisije nikakosea nikaaibika."

Mkwe wake akanieleza tulipokuwa tunaagana. Bibi haoni. Tangu mambo ya mafuta. Hapiki tena kwa kuogopa moto, hashoni, njia ya kisimani aliyoipita tangu msichana sasa hapiti peke yake. Nilibaki na nyanya mkononi. Macho ya yule mwanamke yalikuwa mazima kuliko ya kwangu. Nilimpofusha kwa maneno mawili.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi Nambilanje. Nilikuwa na sumaku na ile karatasi ya chenga, ambayo sikuwahi kuitupa, sijui kwa nini. Njiani nilimwambia dereva mara mbili asimame, nikijifanya kichwa kinaniuma. Mara ya pili akaniuliza mama, tunarudi? Nikamfokea, maskini, nikamwambia endesha.

Nilimkuta nje, anamenya karanga kwa kupapasa, uso ameuelekeza kwingine. Nikakaa mkekani. Nikamwambia yote, tangu tanuri mpaka ngozi mbili, sikujificha popote. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akaangua kicheko.

"Mla panya wewe," akasema. "Umekuja mwendo wote huu kunidanganya unifurahishe. Ahsante. Lakini mimi nimeshakubali, mtani. Uzee ni uzee."

"Bibi, si utani."

"Haya."

Nikamwomba mkwe wake sahani nyeupe. Nikachota mchanga pale pale uani, nikauweka upande mmoja. Upande wa pili nikamwaga chenga za kwenye karatasi. Nikamwambia bibi, tazama. Akasema hataona. Nikamwambia tazama tu. Nikaishusha sumaku juu ya mchanga, mchanga ukatulia. Nikaihamishia upande wa pili, chenga zikaruka zikanata kwenye sumaku. Nikazikung'uta, nikarudia. Mara ya tatu aliishika sumaku mwenyewe. Aliikosesha shabaha makusudi, akaipeleka pembeni, akairudisha polepole, akiifuata kila chenga inapoinuka. Macho yake yalikuwa yanakwenda nazo. Mkwe wake alianza kulia.

Bibi akaiweka sumaku chini.

"Hospitali waliniambia macho mazima," akasema. "Nikawaambia wanangu, hao wananificha. Hao hawanijui. Anayenijua ni mtani wangu, na mtani hamfichi mtu."

Akaigusa sumaku kwa ncha ya kidole.

"Hiki kidude, siku ile barazani kilikuwa wapi?"

Nilitamani aulize jambo lingine lolote. "Mfukoni," nikasema.

"Mfukoni huo?"

"Huu huu."

Akamwambia mkwe wake amletee sindano na uzi. Akalamba ncha ya uzi, akainua sindano usawa wa uso wangu, akatunga mara moja. Akaichomeka kwenye pindo la kanga yake. Yote hayo alikuwa ananitazama mimi, na nilijua ananiona vizuri mno.

"Nenda ukawaambie wenzangu," akasema. "Na mimi uniache nimalize karanga zangu."

Nilikwenda Ruangwa siku ile ile. Nikaweka kisosi barazani, nikatoa sumaku, nikasema. Mwenyekiti alifunika uso kwa mtandio. Mmoja aliniita jina ambalo nastahili. Walimfuata bibi na ungo mpya na kumwomba radhi, akawapokea, akapika mwenyewe wakala. Kurudi hakurudi. Alisema kupepeta kunataka mtu asiyejiuliza mara mbili, na yeye sasa anajiuliza. Parafujo bado inafanya kazi, haijalika hata ukingo. Kila mtu anayeiona anaisifu, na mimi nikiisikia sifa ile natamani ardhi inimeze.

Nimepita Nambilanje mara nyingi tangu hapo. Mara ya kwanza nilipaza sauti tangu njiani, "Bibi! Babu yangu amechoka kungoja, anauliza, arudishiwe mahari yake?"

Aliinuka. Akaingia ndani akatoka na kiti, akakifuta vumbi kwa pindo la kanga yake, akakiweka kivulini. "Karibu, fundi," akasema. "Karibu sana, mwanangu. Kaa." Akamwita mkwe wake aniletee chai, akaniuliza habari za kazi, habari za nyumbani, kwa adabu yote. Mkeka ulikuwa umetandikwa pale pale pembeni yake, na ungo wa ufuta juu yake.

Nilikaa kwenye kiti. Miaka yote ile, katika nyumba ile, sikuwahi kupewa kiti.